Kuzunguka Bangkok kwa Treni, Boti na Miguu: Mwongozo Kamili kwa Anayekwenda Mara ya Kwanza

Maswali yanayonifikia kuhusu Bangkok ni yale yale. Mtu kafika salama, kapata hoteli nzuri ya bei poa, kisha nusu ya safari imeishia ndani ya teksi. Mwingine kaenda Pratunam kununua nguo, kashikwa na foleni ya jioni, na kilomita saba zikamchukua saa mbili. Ukimuuliza alifikia wapi, unakuta kosa lilishafanyika nyumbani, siku ile ya kuchagua hoteli.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia nyumbani. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu kila moja inategemea iliyotangulia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kupanda ndege

- Viza. Usitegemee kuipata ukishafika. Omba mapema kwenye tovuti rasmi ya thaievisa.go.th, na usome masharti ya pasipoti ya nchi yako.
- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Thailand inakidai kwa wasafiri wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Beba cheti halisi mkononi, kisiwe kwenye begi la chini.
- Fomu ya kidijitali ya kuingia nchini (TDAC). Ilianza kuwa lazima tarehe 1 Mei 2025. Inajazwa ndani ya siku 3 kabla ya kufika, kwenye tdac.immigration.go.th, na ni bure. Tovuti ikikudai pesa kwa ajili ya fomu hii, umepotea njia.
- Dola za Marekani, noti za 100, safi na zisizochanika. Shilingi zetu hazibadilishwi kirahisi kule, na noti ndogo za dola hupewa bei ya chini kuliko za 100.
- Kadi ya benki ya Visa au Mastercard yenye alama ya kugusa. Itakulipia nauli ya treni ya chini ya ardhi bila kukata tiketi.
- Adapta ya umeme. Plagi zetu za miguu mitatu ya bapa haziingii kwenye soketi nyingi za Thailand.
- Programu za simu: Google Maps, pamoja na Grab na Bolt za kuita gari. Kama unatumia Bolt Dar au Nairobi, unaijua tayari.
- Jina na anwani ya hoteli kwa maandishi ya Kithai. Ipige picha kutoka kwenye tovuti ya hoteli. Madereva wengi hawasomi herufi zetu.
- Nguo moja inayofunika mabega na magoti, kwa ajili ya kasri na mahekalu.

Sigara za umeme ziache nyumbani. Kule ni marufuku kisheria, na polisi hawana utani nazo.

## Hatua ya 1: Chagua hoteli kwa kutazama kituo cha treni

Bangkok haina katikati moja. Kuna mji wa kale kando ya mto Chao Phraya, penye kasri na mahekalu. Kuna Siam na Pratunam, penye maduka. Kuna Silom na Sathorn, penye ofisi na wafanyabiashara wa vito. Halafu kuna barabara ya Sukhumvit, ambayo inaelekea mashariki na wala haioneshi dalili ya kuisha. Kutoka sehemu moja hadi nyingine, safari ya robo saa kwa treni inaweza kula saa nzima kwa gari ikifika jioni.

Fungua ramani, weka jina la hoteli, pima mwendo wa miguu hadi kituo cha karibu. Dakika 10 ndio mwisho. Tangazo likisema "karibu na BTS" (treni ya juu ya nguzo), pima mwenyewe, maana joto la saa nane mchana halina huruma na mtu aliyebeba mifuko.

Kisha linganisha na kilichokupeleka:

Unanunua nguo za jumla: kaa Ratchathewi au Ratchaprarop. Pratunam yenyewe haina kituo cha treni chenye jina lake, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa.

Unataka chakula cha halali bila kuhangaika: mtaa wa Phetchaburi Soi 7, hatua chache kutoka kituo cha Ratchathewi, una msikiti wa Darul Aman na vibanda vya chakula cha Waislamu wa Kithai. Chaguo la pili ni Nana, Sukhumvit Soi 3/1, mtaa wa Waarabu, ambako utapata pilau, mishikaki na hata watu wa kusalimiana nao kwa Kiswahili. Kwa hiyo mnunuzi wa nguo anayetaka halali amalize mjadala: Ratchathewi.

Unakwenda matibabu Bumrungrad: hospitali iko Sukhumvit Soi 3, kituo cha Nana.

Unauza au kununua vito, iwe tanzanite ya Mirerani au tsavorite ya Taita: kaa Silom, karibu na kituo cha Surasak au Chong Nonsi.

Unataka bei ya chini kabisa: utaambiwa Khao San. Ni kweli vitanda vyake ni rahisi, lakini treni haifiki, na kelele za usiku ni za bure. Binafsi simpeleki mtu huko isipokuwa amekuja kwa ajili ya kelele hizo hizo.

*Umefaulu hatua hii kama unaweza kutaja jina la kituo chako bila kutazama simu.*

## Hatua ya 2: Toka uwanja wa ndege kwa mpangilio

Bangkok ina viwanja viwili. Ndege za kimataifa za masafa marefu, ikiwemo ile ya moja kwa moja kutoka Nairobi, hutua Suvarnabhumi (BKK), mashariki mwa jiji. Don Mueang (DMK) uko kaskazini na hutumiwa zaidi na ndege za bei nafuu.

Kwanza, tafuta kaunta ya afya kabla ya uhamiaji. Hapa ndipo watu wetu wanapoteza muda kuliko mahali pengine pote. Unafuata umati, unapanga foleni ndefu, unafika mbele, afisa anatazama pasipoti na kukurudisha ukapigiwe muhuri wa homa ya manjano. Unaanza foleni upya. Ukishuka kwenye ndege fuata mabango ya udhibiti wa afya, onesha cheti, upate muhuri, ndipo uende uhamiaji.

Pili, badilisha pesa kidogo tu. Usisimame kwenye kaunta ya kwanza baada ya mizigo. Shuka hadi ghorofa ya chini kabisa, penye mlango wa treni, ambako maduka ya kubadilisha hutoa bei nzuri zaidi. Kiasi kikubwa badilisha mjini, kwa mfano maduka ya eneo la Pratunam na Ratchadamri. Mashine za ATM hukata zaidi ya baht 200 (baht ndiyo pesa ya Thailand) kila unapotoa pesa kwa kadi ya nje, kwa hiyo ukilazimika, toa mara moja kiasi cha kutosha.

Tatu, laini ya simu. AIS na True wana vibanda uwanjani, na usajili unahitaji pasipoti. Hakikisha intaneti inafanya kazi kabla hujaondoka kwenye kaunta.

Nne, chagua usafiri. Treni ya uwanjani, Airport Rail Link, inakwenda hadi Phaya Thai kwa takriban nusu saa, na nauli haizidi baht 45. Hufanya kazi kuanzia karibu saa 12 asubuhi hadi saa 6 usiku. Wa Pratunam anashuka Ratchaprarop. Wa Ratchathewi, Siam au Silom anakwenda mwisho, Phaya Thai, na kuunganisha na BTS. Anayehitaji treni ya chini ya ardhi anashuka Makkasan na kutembea hadi kituo cha Phetchaburi.

Ukiwa na mabegi matatu au umefika usiku wa manane, chukua teksi ya mita. Shuka ghorofa ya 1, bonyeza mashine, itakupa karatasi yenye namba ya njia inaposubiri gari yako. Karatasi hiyo kaa nayo, ndiyo ushahidi wako ukiwa na malalamiko au umesahau kitu garini. Mita huanzia baht 35, unaongeza baht 50 ya uwanja, na ada za barabara ya kulipia ni juu yako. Anayekufuata ndani ya jengo akinong'ona "teksi, teksi" ni mpiga debe kama wa stendi yoyote. Mpite.

Ukitua Don Mueang, treni ya Red Line inakupeleka kituo kikuu cha Krung Thep Aphiwat, ambako unaunganisha na MRT, treni ya chini ya ardhi, kwenye kituo cha Bang Sue. Basi la A1 nalo linakwenda hadi BTS Mo Chit.

*Umefaulu ukiwa barabarani au relini na muhuri wa kuingia, simu yenye intaneti na baht za kutosha siku mbili.*

## Hatua ya 3: Elewa kwamba treni ni za makampuni tofauti

BTS ni treni ya juu ya nguzo, ilianza mwaka 1999. MRT Blue Line sehemu kubwa iko chini ya ardhi, ilianza 2004. Airport Rail Link ni ya tatu. Kila moja ina tiketi yake. Ukikata tiketi ya BTS, geti la MRT halikutambui, na wala si hitilafu.

BTS. Nunua tiketi ya safari moja kwenye mashine, au kadi ya Rabbit dirishani, ambayo watataka pasipoti kuisajili. Kadi inaokoa foleni ya mashine, jambo kubwa saa za kazi. Tiketi ya safari moja humezwa na geti unapotoka, usishtuke.

MRT. Gusa kadi yako ya benki unapoingia na ile ile unapotoka. Ukigusa kadi moja kuingia na nyingine kutoka, mashine itakuona watu wawili na kukata pesa visivyo. Asiye na kadi atapewa kidude cha plastiki cha duara mfano wa sarafu: unakigusisha kuingia, unakitumbukiza kutoka.

Mwelekeo unajulikana kwa jina la kituo cha mwisho, kwa hiyo kariri haya:

- BTS Sukhumvit: Khu Khot upande wa kaskazini, Kheha upande wa mashariki.
- BTS Silom: National Stadium hadi Bang Wa.
- Njia hizi mbili za BTS hukutana Siam, na mara nyingi unavuka jukwaa tu.

Onyo kubwa ni majina. Mahali pamoja pana majina mawili kutegemea treni. Kituo cha BTS Asok ndicho hapo hapo penye MRT Sukhumvit. BTS Sala Daeng ndiyo MRT Si Lom. BTS Mo Chit ndiyo MRT Chatuchak Park. Mtu anatafuta "Sukhumvit" kwenye ramani ya BTS hadi anakata tamaa. Na stendi ya mabasi ya mikoani inayoitwa Mo Chit haiko kwenye kituo cha BTS Mo Chit. Ni mbali kiasi cha kuhitaji chombo kingine. Ukiwa na basi la kuwahi, ongeza nusu saa.

Ukiwa kituoni saa 2 kamili asubuhi au saa 12 kamili jioni utasikia wimbo wa taifa. Kila mtu atasimama kimya. Simama nao. Viti vya watawa usivikalie, na tunda la duriani haliruhusiwi ndani ya treni. Harufu yake ukiisikia mara moja hutauliza kwa nini.

*Umefaulu ukiweza kutoka Nana hadi Chinatown, kituo cha MRT Wat Mangkon, ukibadilisha Asok, bila kumuuliza mtu.*

## Hatua ya 4: Jifunze kusoma anwani

Barabara kubwa ina jina, na mitaa inayochomoza kutoka kwake huitwa soi na kupewa namba. Sukhumvit Soi 11 ni mtaa wa 11 kwenye barabara ya Sukhumvit.

Namba witiri ziko upande mmoja wa barabara, shufwa upande wa pili. Usidhani zinatazamana kwa ukaribu wa namba. Kwenye kituo cha Thong Lo, Soi 55 inatazamana na Soi 38. Anayetafuta Soi 54 akifikiri iko ng'ambo ya 55 atatembea vituo viwili au vitatu bure.

Mkwaju ndani ya namba, kama 3/1, ni mtaa mwingine kabisa ulioingizwa baadaye kati ya 3 na 5. Na usiishie kwenye namba: Phetchaburi Soi 7 na Sukhumvit Soi 7 ni sehemu mbili zisizojuana. Mtajie dereva barabara kwanza, soi baadaye.

## Hatua ya 5: Tumia maji

Hii ndiyo hatua ambayo wageni huiruka, nami naona ndiyo inayofanya Bangkok ipendeze. Zipo huduma mbili.

Boti za mto Chao Phraya. Panda BTS Silom hadi Saphan Taksin, shuka ngazi, upo kwenye gati la Sathorn. Boti hutofautishwa kwa rangi ya bendera. Ya chungwa ndiyo ya wananchi: nauli moja ya chini hata uende mbali kiasi gani. Ya buluu ni ya watalii, ina nafasi na bei ya juu zaidi. Kaunta inayoonekana zaidi huuza ya buluu, kwa hiyo sema wazi unataka bendera ya chungwa. Shuka Ratchawong kwa Chinatown, Tha Tien kwa hekalu la Wat Pho, Tha Chang kwa Kasri Kuu, Phra Arthit kwa Khao San. Gati likiwa kwenye matengenezo, MRT Sanam Chai inakufikisha karibu na Wat Pho.

Boti za mfereji wa Saen Saep. Hizi hukata katikati ya jiji huku magari yakiwa yamesimama juu ya madaraja. Njia mbili hukutana gati la Pratunam, na huenda ukalazimika kubadilisha boti hapo. Kwa mfanyabiashara ni neema: kutoka Pratunam unafika soko la jumla la Bobae kwa dakika chache na sarafu chache.

Boti ya mfereji haisubiri. Inagusa gati, watu wanaruka, inaondoka. Shika kamba, ingia haraka, kaa ndani. Kondakta anapita ukingoni kukusanya nauli, kwa hiyo kuwa na pesa ndogo. Maji ya mfereji ni machafu. Walioketi pembeni huvuta kamba ya turubai kuzuia yasiruke, nawe ukikaa pale kazi hiyo ni yako. Mama mwenye mtoto mdogo au mtu mwenye magoti mabovu achague boti za mtoni. Jioni ikiingia huduma ya mfereji hufungwa, usiitegemee kurudi usiku.

*Umefaulu ukifika Bobae na shati kavu.*

## Hatua ya 6: Teksi, bajaji na boda kwa tahadhari

Teksi ya mita si ghali. Tatizo ni dereva anayekataa mita na kutaja bei ya kichwani. Usibishane. Funga mlango kwa upole, simamisha nyingine. Kama mvua inanyesha au ni kati ya saa 10 jioni na saa 2 usiku, fungua Grab au Bolt uone bei kabla ya kupanda, au bora zaidi rudi kituo cha treni.

Bajaji, wenyewe wanaita tuktuk kama Wakenya, ni ya kufurahia mara moja. Mpatane bei kabla ya kukaa.

Boda huvaa fulana za chungwa na hukaa kijiweni mdomoni mwa soi. Kwa kipande kifupi, kutoka kituo hadi ndani ya mtaa, hakuna kinachowashinda. Omba kofia ngumu.

Sasa mtego wenyewe. Unakaribia Kasri Kuu, mtu nadhifu, mpole, anakuambia kwa huzuni kwamba leo kasri limefungwa kwa ibada, lakini kuna bajaji ya bei ya kutupa itakayokuzungusha mahekalu mengine. Mzunguko huo huishia duka la vito au la suti, na dereva hulipwa kwa kukufikisha. Kasri hufunguliwa saa 2:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Tembea hadi getini ukaone kwa macho yako. Na mtu wa Mirerani kuuziwa "tanzanite ya bei maalumu" Bangkok na dereva wa bajaji, hiyo ni aibu ya kupelekewa nyumbani.

## Hatua ya 7: Panga siku kwa njia, siyo kwa hamu

Kila siku chagua ukanda mmoja, umalize, urudi.

Siku ya soko: anza asubuhi Pratunam, ingia jengo la maduka la Platinum. Vibanda vingi hutoa bei ya jumla ukichukua kuanzia vipande vitatu, wakati mwingine mchanganyiko wa rangi unaruhusiwa, uliza. Peleka mzigo wa kwanza hotelini mchana. Kisha boti ya mfereji hadi Bobae. Uwe umerudi kabla ya saa 10:30 jioni.

Siku ya mji wa kale: boti ya chungwa mapema, Kasri Kuu kwanza kabla ya jua na makundi, kisha Wat Pho kwa miguu, kisha kivuko cha Tha Tien hadi Wat Arun ng'ambo. Kiingilio cha kasri kwa mgeni ni baht 500.

Jumamosi au Jumapili: soko la Chatuchak. Shuka MRT Kamphaeng Phet, maana mlango wake unatokea sokoni kabisa. Kibanda ulichokipenda kipige picha pamoja na namba yake. Hutakiona tena kwa kubahatisha.

Miezi ya Mei hadi Oktoba ni ya mvua, na mvua ya jioni hufunga barabara. Tarehe 13 hadi 15 Aprili ni Songkran, mwaka mpya wao: watu hurushiana maji mitaani na maduka mengi ya jumla hufungwa. Mfanyabiashara asipange safari hapo.

## Hatua ya 8: Siku ya kuondoka

Soma tiketi: BKK au DMK? Viwanja viko pande tofauti za jiji, na aliyekosea huikosa ndege.

Hesabu saa tatu za kuwa uwanjani, kisha rudi nyuma hadi saa ya kutoka hotelini. Ndege ya alfajiri inamaanisha teksi, kwa kuwa treni zitakuwa hazijaanza. Ndege ya usiku inamaanisha treni, kwa kuwa barabara zitakuwa zimejaa.

Pima begi hotelini. Betri ya kuchajia simu iweke kwenye begi la mkononi.

Tazama pia tarehe kwenye muhuri wa pasipoti. Kila siku uliyozidisha ni faini ya baht 500, na hulipwa pale pale uwanjani kabla hujaruhusiwa kupita.